Mama Alisema Hana Mtoto wa Jina Hilo

Zoezi la kwanza alilotupa Madam lilinichukiza tangu nilipolisikia. Tulisimama saba kwenye uwanja wa vumbi jekundu nyuma ya bwalo, tumepeana migongo, na mwenye mpira alitakiwa aurushe nyuma yake bila kugeuka, kwa kufuata sauti ya mwenzake akiita. Wenzangu walirusha huku wakicheka. Ilipofika zamu yangu niligeuka nikatazama kwanza.

"Tena," akasema Madam.

Nikarudia, na nikageuka tena.

"Wewe unatazama watu kama mnunuzi wa mahindi anayetafuta wadudu kwenye gunia," akasema. "Aliyekuita ni mwenzako. Unamtafutia nini?"

Nilitaka kumjibu kwamba mnunuzi asiyekagua gunia hulala njaa, lakini yeye alikuwa mkufunzi na mimi mwanachuo wa mwaka wa kwanza, nikanyamaza. Nimezaliwa Tunduma. Kule mtoto hufundishwa kuisugua noti kwa kidole kabla hajajua kusoma kilichoandikwa juu yake, na mtu akikuchekea bila sababu, unapapasa mfuko wako kwanza ndipo unamjibu salamu. Sikuona kwa nini nilivue jicho hilo eti kwa sababu nimevaa raba.

Chuo chetu cha ualimu kilikuwa juu Mbozi, katikati ya mashamba ya kahawa. Hiyo ilikuwa zamani, mkoa wa Songwe haujakatwa na sote tunahesabiwa Mbeya. Wanachuo wengi walikuwa watoto wa wakulima wa huko huko, watu waliokulia kwenye kwaya za kanisa, ambao walitoka bwenini wakaacha masanduku yao wazi. Sanduku langu lilikuwa na kufuli mbili. Walinicheka kwa hilo, nami niliwahurumia.

Madam alikuwa binti wa mchungaji, amekulia Mbozi Misheni, na katika ujana wake alicheza netiboli mpaka goti likamkataa. Aliletwa chuoni kwetu afundishe saikolojia ya elimu, lakini tangu wiki ya kwanza ilionekana wazi kwamba roho yake iko uwanjani. Kwenye kabati la mkuu wa chuo kulikuwa na vikombe viwili tu, na vyote vilikuwa vya nidhamu. Madam alitupeleka tukavione, akatuambia kwamba kikombe cha nidhamu ni pole wanayopewa walioshindwa vizuri.

"Miguu mnayo," alisema. "Mnachokosa ni moyo wa bingwa. Bingwa ni mtu aliyeacha kujilinda na wenzake. Nguvu zake zote zinabaki kwa adui."

Maneno mazuri. Mimi maneno mazuri huyashika kwa ncha za vidole. Wauzaji wote niliowahi kuwaona wakimlaghai mtu walianza na maneno mazuri, na sikujua bado Madam anauza nini.

Alinipa nafasi ya senta kwa sababu nilikuwa na mbio. Asiyeujua mchezo huu aelewe kitu kimoja tu: senta ndiye mgawaji wa mipira, na huruhusiwi kukaa na mpira mkononi. Ukichelewa kidogo refa anapuliza, mpira wanapewa wapinzani. Sasa mimi, kabla ya kumpa mtu mpira, nilimtazama huyo mtu, nikamtazama na yule anayemkaba, kisha nikamtazama tena. Filimbi zilinililia kila siku. Madam hakuwa akinigombeza. Alisimama pembeni, mikono nyuma, akasema "Umeona? Umejilinda na nani?" Ningependa zaidi angenigombeza.

Jambo lake kubwa, ambalo sikuwahi kuliona kwenye timu nyingine yoyote, lilikuwa kile alichokiita kumaliza jambo. Alisema kwao Misheni, kabla ya kuikaribia Meza ya Bwana, mwenye neno na mwenzake hutangulia kulimaliza. Nasi kabla ya kila mechi tulikaa kwenye stoo ya vifaa, viatu mikononi, na hakuna aliyeruhusiwa kufunga kamba kabla hajaulizwa, "Una jambo na mtu?" Aliye nalo alilisema mbele ya uso wa mhusika, mhusika akajibu, likaisha hapo hapo. Aliyelitoa nje ya stoo aliachwa kwenye timu.

Nilikuta wasichana wakisema mambo ambayo kwetu ungepelekwa nayo kwa balozi wa nyumba kumi. Mmoja alisema mwenzake anamnyima pasi kwa sababu ya mvulana. Mwingine alisema fulani anajifanya anaumwa siku za mazoezi ya kukimbia mlima. Walilia, wakacheka, wakafunga kamba. Mimi zamu yangu ikifika nilisema, "Sina." Kila mara nilisema sina. Kumwambia mtu mbele ya watu saba kinachokukera ni kumpa fimbo aende kuichonga.

Na jambo nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo na mlinzi wetu wa goli. Kabla sijafika, senta alikuwa yeye. Mimi nilipopewa nafasi, yeye alirudishwa kwenye ulinzi, na hakununa hata siku moja. Alikuwa binti wa mkulima wa kahawa wa karibu na chuo, mrefu, taratibu, na baridi ya Mbozi ilipokaza alinichotea maji ya moto jikoni akaniwekea mlangoni bila kuombwa. Mtu umemnyang'anya nafasi na bado anakuchotea maji ya kuoga, mimi huyo namwogopa. Nilioga kwa maji yake kila siku na kila siku nilijiuliza atanidai nini.

Mwaka huo mashindano ya vyuo yalifanyika kwetu. Wageni walilala madarasani, vyumba vyote vilinuka mafuta ya kuchua, na mlango wa ofisi ya mkuu wa chuo ulipakwa rangi mpya. Siku ya ufunguzi timu zilipangwa mbele ya mgeni rasmi tukaimba wimbo wa taifa. Hapa inabidi nieleze. Madarasa ya mwanzo nilisoma ng'ambo, Nakonde, kwa mama mdogo, kwa sababu mama alikuwa safarini wakati wote, na kwetu watu huvuka mpaka kwenda kuomba chumvi. Wimbo wa taifa wa Zambia na wa kwetu tuni yake ni moja, maneno ndiyo mbalimbali. Utoto wangu wote nilikuwa nimeuimba ule wa kule kila asubuhi, na tuni hiyo ikianza, kinywa changu hutangulia kabla sijakiambia kiende wapi. Siku hiyo nilishtuka nimekwisha kuimba mstari mzima wa ng'ambo.

Nikafumba mdomo, nikatazama pande zote. Kushoto kwangu mlinzi alikuwa anaimba, macho juu. Mbele yetu Madam alikuwa amegeuka, na alikuwa ananitazama mimi.

Tulishinda mechi ya kwanza na zilizofuata. Nisijinyime sifa, nilicheza vizuri, filimbi zilikuwa zimepungua. Lakini kitu kilikuwa kimeharibika na nilikisikia kama mtu anavyosikia kwamba kitanda chake kimelaliwa. Madam aliacha kunitania. Mlinzi naye, tukiwa foleni ya uji asubuhi moja, aliniuliza bila mwanzo wala mwisho:

"Hivi mama yako yupo?"

"Yupo wapi?"

"Namaanisha yu hai? Hujawahi kumtaja."

"Mambo ya mama yangu yanakuhusu nini wewe?"

Akatazama chini kwenye kikombe chake. "Basi, nimeuliza tu," akasema. Hakuna mtu anayeuliza tu. Siku ile sikuoga yale maji.

Jioni tulipofuzu kuingia fainali, niliitwa kwenye kamati ya mashindano. Mwenyekiti wake alikuwa mkufunzi wa chuo cha mbali, mzee mpole mwenye miwani, akanikaribisha kiti kama mgeni wake. Akaniambia kwamba wapinzani wetu wa fainali wameleta pingamizi. Wanasema senta wa wenyeji si mwanachuo bali ni mamluki, Mzambia aliyekodiwa na kupewa jina la mtu.

Siku hizo neno mamluki liliogopwa kuliko majeruhi. Lilikuwapo kweli, vyuo vilikuwa na tabia ya kuazima wachezaji na kuwavika majina ya wanachuo, na kwa kuwa tulikuwa karibu na mpaka, watu waliamini mamluki wazuri wanatoka ng'ambo. Ikithibitika, timu inatolewa na mwenye jina anafukuzwa chuo. Nilimwambia mwenyekiti vyeti vyangu viko ofisini, vya darasa la saba na vya kidato cha nne.

"Tumeviona, binti yangu," akasema. "Lakini wenzetu wanasema vyeti vya Tunduma vinauzwa kama nyanya. Na kuna hili jingine. Mama anayetajwa kuwa mzazi wako aliulizwa sokoni. Alisema hana mtoto wa jina hilo."

Nikacheka. Sikuweza kujizuia, na niliona kabisa kicheko changu kinavyoingia kwenye nyuso zao kama ushahidi. Lakini nilikuwa namwona mama. Meza yake ilikuwa karibu na kivuko, juu kumepangwa vitenge, chini kuna sukari ya ng'ambo. Redioni walitangaza soko ni huria, lakini uhuria huo ulikuwa haujafika kwenye sukari, na askari wa forodha walikuwa wanatuzunguka kila siku. Sasa anakuja mtu mgeni, shati amelichomekea, anauliza, "Wewe ndiye mama fulani?" Kwetu jibu ni hapana. Ukiulizwa habari za mwanao na mtu usiyemjua, ujue mwanao ana matatizo, na la kwanza la kumfanyia mtoto mwenye matatizo ni kutomjua. Mama alinikana kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo. Ungemweleza nani hilo kwenye kamati ile?

"Mlete mama yako mwenyewe, atutamkie," akasema mwenyekiti. "Nakupa hadi kesho saa nane, kabla ya mechi. Asipofika, jina lako nalipeleka kwa mkuu wa chuo."

Kicheko kiliniisha nilipofika nje. Kikombe sikukiwaza. Niliwaza mama alivyonisomesha miaka yote ile kwa sukari iliyovushwa kichwani alfajiri, akiniambia kwamba anataka mtu mmoja wa nyumbani kwetu akae upande wa meza unaouliza maswali. Kesho yake nikiondolewa, nilikuwa narudi kukaa upande ule ule anaokaa yeye. Halafu likanijia lile jingine, likanichoma: mtu alikwenda kwa mama. Nani alimtuma? Na nani aliwapelekea wapinzani jibu lake?

Asubuhi ya fainali tulikaa stoo. Madam akauliza kama kawaida, nani ana jambo. Nikasema, "Mimi ninalo."

Wote wakanitazama. Ilikuwa mara yangu ya kwanza.

"Na nani?"

"Na wewe, Madam. Nani alimtuma mtu kwa mama yangu?"

"Mimi," akasema, wala hakusita. "Nilimtuma dereva wa chuo, alikuwa anakwenda Tunduma kuchukua saruji."

"Kwa nini hukuniuliza mimi mwenyewe?"

"Ningekuuliza, ungenijibu kweli?"

Swali hilo liliniudhi kwa sababu lilikuwa la kwetu, ndilo hasa ambalo mama angeliuliza. Nikasimama. Nikamwambia, Madam, tangu tufike hapa unatuambia turushe mpira bila kugeuka, na wewe mwenyewe umegeuka. Nilisema kwa sauti, tena kwa adabu ndogo kuliko ninavyoandika hapa. Mwenzetu mmoja akaanza kulia kwa hofu.

Madam alikaa juu ya benchi la mipira, mikono juu ya goti lake bovu. "Nimegeuka," akasema. "Nilikusikia siku ya wimbo. Niliogopa kuwa nimedanganywa, nikataka nijue kabla ya wengine. Dereva alipoleta lile jibu nikaogopa zaidi. Nilimwambia mtu mmoja tu, nikataka ushauri."

"Nani?"

Kabla hajajibu, mlinzi alikuwa ameshasimama.

"Aliniambia mimi," akasema mlinzi. "Na najua unachokifikiri."

"Wewe ndiye uliyeniuza."

"Sikukuuza. Nilikuja kukuuliza habari za mama yako. Nilisema moyoni, akimtaja tu mama yake, mtu anavyomtaja mama yake, nitajua kama ni kweli. Ungesema hata neno moja. Wewe ukanifokea kama mwizi."

Alikuwa amepaza sauti, yule mtu wa taratibu. Nilimtazama kwa jicho langu lote la Tunduma, nikamkagua kama noti, na sikupata pa kumshika. Wala sikupata pa kumwamini. Watu watatu tu walijua, Madam, yeye na dereva. Baadaye ilisemekana kwamba dereva aliigeuza habari ile kuwa kichekesho, akawasimulia madereva wenzake waliowaleta wageni, jinsi mama wa Tunduma alivyomkana mtoto wake huku ameishika mkononi picha ya mtoto huyo aliyoonyeshwa. Hiyo ndiyo habari wanayoiamini wote. Mimi nimebakiza shaka kidogo ya akiba mpaka leo.

Madam akasema atakwenda Tunduma mwenyewe, sasa hivi. Nikamwambia asijisumbue. Kwa ile sketi yake, mkoba na miwani, mama angemkana hata mume wake aliyezikwa. Mimi sikuruhusiwa kutoka nje ya geti, kamati ilikuwa imeweka mtu. Anayeweza kumfikia mama ni mwanamke aliyejifunga kitenge, anayefanana na mteja, anayezungumza Kinyiha, maana Kinyiha na Kinamwanga cha kwetu vinasikilizana. Ingawa chuo kilijaa watoto wa Mbozi, wenzangu wengine wa timu walikuwa wametoka Mwanza na Singida. Kwenye stoo ile, mtu huyo alikuwa mmoja.

"Nitakwenda mimi," akasema mlinzi.

"Atakukana na wewe."

"Basi nipe neno la kumwambia. Kitu ambacho mtu wa nje hakijui."

Kilichokuwepo nyumbani kwetu ambacho mtu wa nje hakijui kilikuwa kimoja. Bibi yangu alikuwa mgonjwa, halali kwingine ila chumba cha nyuma, na askari wa forodha kila walipofanya msako walifika mlangoni pale, wakamwona mzee amelala, wakasema pole bibi, wakaondoka. Godoro la bibi lilikuwa limetandikwa juu ya magunia ya sukari. Hakuwa na kitanda kingine. Neno hilo likimfikia askari, mama anafilisika siku hiyo hiyo na pengine anafungwa. Na mtu niliyetakiwa kumpa neno hilo ni yule niliyeamini, nusu saa tu iliyopita, kuwa ndiye aliyeniuza.

Niliona kazi yote aliyokuwa anatufanyisha Madam, ile migongo na kuita, ilikuwa mchezo wa watoto. Mpira ukianguka unauokota. Nilimwita mlinzi kwenye kona, nyuma ya nyavu, nikamnong'oneza. Roho iliniuma kama ninamwibia mama.

"Mwambie kitanda cha bibi hakina miguu," nikasema. Kisha, kwa kuwa alinitazama bila kuelewa, nikamweleza yote.

Alijifunga kitenge juu ya bukta ya mazoezi akatoka.

Asubuhi ile sikula. Kila gari lililopita barabarani nililihesabu kuwa la forodha linakwenda kwetu. Niliwaza nimefanya nini, nimempa mtoto wa watu nyumba yetu nzima. Madam alikuja akaketi karibu nami kwenye ngazi za bwalo na hakunihubiria moyo wa bingwa hata kidogo, jambo ambalo nilimshukuru. Alisema tu kwamba akirudi mlinzi bila mama, atakwenda kwa mkuu wa chuo kusema kosa ni lake.

"Haitasaidia," nikamwambia.

"Najua," akasema.

Saa nane ilikuwa imepita kidogo, kamati haijainuka bado, walipoingia getini. Mama alikuwa amevaa nguo za kanisani, kikapu mkononi, na uso ule anaouvaa kwenye msako, usio na mtu ndani yake. Mlinzi alikuwa nyuma yake, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilisikia baadaye yaliyopita. Mama alimwambia hana mtoto. Mlinzi akasema lile neno. Mama akafunga meza, akamwambia amngoje njia panda, akapotea muda mrefu mno. Alipotokea alikuwa amebadilisha nguo na mikono ilikuwa inanata sukari. Nikajua magunia yamehamishwa, na bibi yangu sijui siku hiyo alilala juu ya nini.

Tuliingia darasani ilipokaa kamati. Wapinzani walikuwa na mwakilishi wao, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni, na niliona mama anaziangalia zile kalamu. Mwenyekiti akamwamkia vizuri, akampa kiti. Mama hakukaa.

"Mama, unamfahamu binti huyu?"

Mama alinitazama. Nimetazamwa na watu wengi tangu hapo, hakuna aliyenitazama vile. Alitazama meza, wanaume, makaratasi, akanitazama tena, na niliona anapiga hesabu ya kilichonipata na lipi linaloweza kuniokoa. Niliona mdomo wake unajiandaa kusema hapana.

"Mama," nikasema kwa Kinamwanga, "hawa si wa forodha."

Akamgeukia mlinzi, aliyekuwa mlangoni, kisha akarudi kwangu, na akauliza kwa Kiswahili, mbele ya watu wote, kwa sauti ya chini iliyojaa hasira:

"Yule binti, mambo ya nyumbani kwangu, ni wewe uliyemwambia?"

"Ni mimi, mama."

"Hawakukupiga? Ulimwambia kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu."

"Unamwamini?"

Mlinzi alikuwa ananitazama, na Madam dirishani ananitazama. Sikuwa nimelifikiria jibu. Nilijikuta ninasema, "Ndiyo, mama."

Mama akakiweka kikapu chini kwa kishindo. "Mimi sikukulea hivyo," akasema. "Nimekulea kwa jasho, nikakufundisha usimwambie mtu hata umekula nini, na wewe unampa mtu wa njiani nyumba nzima? Nani amekufundisha upuuzi huo? Ndicho nilichokuleta chuo usomee?"

Aliendelea, na hakuna aliyemkatiza, mpaka alipoishiwa pumzi. Mwenyekiti alikuwa amevua miwani, anaifuta kwa ncha ya tai yake.

"Kwa hiyo, mama," akasema taratibu, "umemlea wewe?"

Mama akamtazama. Alikuwa amekamatwa, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona amekamatwa na mtu mwenye makaratasi. Akavuta kile kiti akakaa.

"Ni wangu," akasema. "Na leo sijui nimlilie nani."

Waliandika wanachoandika. Mama alikataa kutia dole gumba kwenye chochote na wakaona wamwache. Jioni ile tulicheza, tukashinda kwa tofauti ya goli moja, na kombe tulilolipata ni dogo kuliko yale ya nidhamu. Wasichana walimbeba Madam, goti na yote. Mimi niliupenda ushindi ule, sitajifanya sikuupenda, lakini katikati ya kelele nilikuwa nimekaza macho pembeni mwa uwanja alipokuwa mama, chini ya uzio wa misindano, na mlinzi alikuwa anamwendea.

Nikawahi kufika. Nilijua mama hatamwacha aondoke bila kumkagua.

Mama alikuwa ametandaza kitambaa, ana viazi vya kuchemsha kwenye kikapu. Hakumpongeza. Alimwacha asimame na jasho lake, akamtazama kuanzia miguuni mpaka usoni.

"Wewe," akasema, "yale uliyoambiwa asubuhi kuhusu nyumba yangu."

Mlinzi akapiga goti kidogo, kama wanavyofanya kwao wakiongea na mkubwa. Uso wake ulikuwa mtupu kabisa, usio na mtu ndani yake.

"Yapi hayo, mama?" akasema. "Mimi sijaambiwa kitu."

Mama akachagua kiazi kikubwa kuliko vyote, akakimenya mwenyewe kwa vidole, akampa yeye kabla hajanipa mimi.